Bei yake ni barua

Nakala 36 za toleo la kwanza la jarida letu bado ninazo. Zimo kwenye boksi la sabuni juu ya kabati, nyumbani Nyegezi, Mwanza, na pembe zake zimeliwa na mende. Tulitoa nakala 40. Zilizonunuliwa ni nne, kila moja shilingi 1,000, na katika wale wanunuzi wanne hakuna aliyerudi na neno, liwe la kusifu au la kulaumu. Ilikuwa 2015. Niliamini ubovu uko kwenye hadithi, nikawa nazisoma upya usiku nikitafuta palipoharibika. Mwaka karibu mzima ulipita ndipo nikaelewa kwamba hadithi hazikuwa na kosa kubwa. Jarida lile lilikuwa linasema peke yake. Msomaji hakuachiwa mahali pa kutia mkono.

Nieleze kwanza ni jarida gani. Tulikuwa watano: mimi niliyekuwa nafanya kazi kwenye steshenari karibu na mteremko wa Bugando, fundi simu mmoja wa Makoroboi, mwalimu wa fizikia, na vijana wawili wa chuo, kaka na dada, waliokuwa wapangaji wenzangu. Kilichotukutanisha ni bunilizi za kisayansi, yaani hadithi zinazoshika jambo la sayansi, lililopo au linalowezekana, kisha zikauliza: ingekuwaje? Ingekuwaje kama ziwa lingepungua mita moja kila mwaka? Ingekuwaje kama mashine ingejifunza kusikiliza Kisukuma na kukijibu? Mjini hatukuwa tukizipata hadithi hizo kwa Kiswahili. Tulikua na Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa gazeti la Sani, tukakua na riwaya za upelelezi na za mapenzi zilizopita mkono kwa mkono hadi zikapoteza majalada. Hadithi ya chombo cha angani kinachotua Igombe tuliona hatuna budi kuiandika wenyewe.

Kazi ya kudurufu nimezaliwa nayo. Baba yangu alikuwa karani wa shule ya sekondari upande wa Sengerema, na wiki ya mitihani harufu ya wino ilimfuata mpaka nyumbani. Alikuwa anaondoa utepe kwenye mashine ya taipu ili herufi zitoboe moja kwa moja nta ya stensili, ile karatasi ya kudurufia. Ukikosea, unapaka vanishi nyekundu, unapuliza, unasubiri ikauke, unapiga herufi tena juu yake. Kisha stensili inavishwa kwenye pipa la mashine, unazungusha mkono, na wino unapenya pale tu nta ilipotobolewa. Stensili moja ikitunzwa vizuri ilitoa mamia ya nakala. "Mayu, usiguse, bado mbichi," aliniambia kila niliponyoosha kidole. Mtihani ukishapita aliniletea karatasi zilizoharibika, na mgongoni mwa maswali ya jiografia ndipo nilipoandika hadithi zangu za mwanzo.

Basi mwaka 2016 mwalimu wa fizikia alikuja steshenari na simu yake mkononi. Mashabiki wa Marekani na Uingereza wameskani maelfu ya majarida yao ya zamani na kuyaweka kwenye intaneti, yeyote asome bila malipo, na yeye alikuwa amekesha nayo. Mwalimu alitaka nione michoro ya roketi. Mimi niliona mkono wa baba. Niliona herufi "o" iliyokatika katikati na kuwa doa jeusi, kwa sababu taipu ilipigwa kwa nguvu mno na kipande cha nta kikadondoka. Niliona mstari uliopauka pale wino ulipopungua upande mmoja wa pipa. Watu hawa walisimama mbele ya mashine ileile, vidole vyeusi, wakihesabu karatasi ili zisiishe kabla ya ukurasa wa mwisho. Nilisikia furaha ambayo mpaka leo sijui niilinganishe na nini.

Majarida hayo huitwa fanzini. Jina lenyewe lilibuniwa na shabiki mmoja wa Marekani, Louis Russell Chauvenet, mwaka 1940, lakini vitu vyenyewe vilikuwa vimeshatimiza miaka kumi. Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alianzisha Amazing Stories Aprili 1926, jarida la kwanza kutolewa kwa ajili ya hadithi za namna hii peke yake. Akafungua ukurasa wa barua za wasomaji, na pamoja na majina akachapa anwani zao. Nadhani ndilo jambo kubwa alilolifanya maishani, kubwa kuliko hadithi zote alizochapa. Kijana aliyedhani yuko peke yake katika mji mzima akaona jina la mwenzake na mtaa anaokaa. Wakaanza kuandikiana bila kupitia kwa mhariri. Katika kuandikiana huko wakaunda chama, na Mei 1930 chama hicho kikatoa The Comet, mhariri wake akiwa Raymond Palmer, ambayo wengi huihesabu kuwa fanzini ya kwanza. Miaka miwili mitatu baadaye, katika mji wa Cleveland, kijana Jerry Siegel alikuwa anatoa fanzini yake ya kudurufu akisaidiwa na rafiki yake mchoraji, Joe Shuster. Toleo la Januari 1933 lilikuwa na hadithi ya mtu mwenye nguvu za ajabu, Superman, ambaye wakati huo alikuwa mwovu. Waliendelea kumgeuzageuza mpaka 1938 akatoka kwenye katuni kama anavyojulikana na watoto wote wa vibanda vya video vya Mabatini.

Lakini lililonishika zaidi lilikuwa sentensi moja ndogo iliyojirudia kwenye kurasa za mbele za majarida yale, mwaka hadi mwaka: jarida hili linapatikana kwa "yale ya kawaida". Nikamuuliza mwalimu, yapi hayo? Tukasoma mpaka tukaelewa. Ukitaka toleo lijalo, mwandikie mhariri barua kuhusu hili ulilolisoma. Au mpe hadithi, au mchoro. Au kama nawe unatoa jarida lako, mbadilishane. Pesa ilikuwapo pia, sarafu chache za kufidia stempu, ila aliyetoa pesa tu alihesabiwa mgeni. Aliyeandika barua alikuwa mwenyeji.

Toleo letu la pili lilikuwa na maneno manne kwenye jalada, chini ya jina: Bei yake ni barua.

Tulitoa nakala 60. Mashine ya stensili hatukuwa nayo, baba alikuwa amestaafu na ile ya shule ilikwisha kufa kwa kutu, kwa hiyo tulipiga fotokopi usiku baada ya kufunga, mwenye duka akitupunguzia hadi shilingi 30 kwa ukurasa. Kurasa 16, karatasi nne zilizokunjwa katikati na kupigwa pini mbili mgongoni. Nyingine tuliziacha kwa dada anayeuza chai Kirumba Mwaloni, nyingine kwenye saluni ya Igogo, nyingine zilipanda boti ya Nansio, kisiwani Ukerewe, zikiwa zimefungwa ndani ya gunia tupu la dagaa. Kurasa mbili za mwisho tuliziacha na mistari mitupu kama daftari, zikatwe na kurudishwa palepale zilipochukuliwa.

Zilirudi barua 11, kwenye mistari yetu, kwenye karatasi za daftari la hesabu, na mbili mgongoni mwa stakabadhi za mzigo wa samaki. Nyingi zilikuwa fupi: endeleeni, msikate tamaa, hadithi ya pili sijaielewa. Ila ilikuwapo moja ya kurasa tatu.

Katika toleo lile nilikuwa nimeandika hadithi ya wanafunzi wanaounda nyambizi na kushuka mita 300 chini ya Ziwa Victoria kutafuta mji uliozama. Juu yao ni usiku wa mbalamwezi, na taa za wavuvi wa dagaa zimetanda juu ya maji kama mji wa pili. Niliipenda sana picha hiyo. Barua ya kurasa tatu ilitoka kwa mvuvi mzee wa Ukerewe, imeandikwa na mjukuu wake kwa kumfuatisha anavyosema, na ilianza hivi:

"Binti yangu mhariri, salaam. Hadithi yako nimesomewa mara mbili. Ni nzuri, ila pawili umetukosea. Kwanza, ziwa hili nimelivua zaidi ya miaka thelathini, na kamba yangu ndefu kuliko zote haijapita pima arobaini na tano kabla jiwe halijagonga chini. Hao watoto wako wameshuka kwenye ziwa gani? Pili, usiku wa mbalamwezi sisi hatuvui dagaa. Mwezi ukishajaza mwanga ziwa zima, dagaa atafuata taa ya nani?"

Mwalimu wa fizikia alichukua kalamu. Pima moja, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole mikono ikiwa imenyooshwa, ni kama mita 1.8. Mara 45, inakaribia mita 81. Tukafungua vitabu: kina kikubwa kabisa cha Ziwa Victoria ni kama mita 80, na wastani wake ni mita 40 tu. Ziwa pana kuliko yote Afrika, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na bado kwa kina ni kama sinia ukililinganisha na Tanganyika. Mimi niliyezaliwa kando yake sikujua. Mzee wa watu, na jiwe lake na kamba yake, alilijua sawasawa na wataalamu.

Barua ile niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Sikuona aibu, au niseme aibu ilikuja ikapita haraka, maana nyuma yake kulikuwa na jambo kubwa zaidi: huyu mtu ameiamini hadithi kiasi cha kuipimia kamba. Hakuna heshima ambayo mwandishi wa bunilizi za kisayansi anaweza kupewa zaidi ya hiyo. Mashabiki wa miaka ya 1930 walikuwa na desturi hiyohiyo, kuandika barua za kusahihisha mahesabu ya safari za mwezini, na baadhi ya wasahihishaji hao ndio waliogeuka waandishi.

Tuliichapa barua nzima katika toleo la tatu, na lafudhi yake, bila kupunguza neno. Chini yake niliandika mistari miwili: Shikamoo babu, umenishinda, hadithi naiandika upya. Na kweli niliiandika upya. Katika kutafuta kina cha ziwa tulikuwa tumekutana na jambo ambalo hatukulitafuta: yapata miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka kabisa. Watafiti walitoboa tope la chini na kukuta tabaka la udongo wa nchi kavu, wenye alama za mizizi ya nyasi. Kwa hiyo sikuhitaji mita 300, wala mji wa kuzama. Wanafunzi wangu walishuka mita 60, usiku wa giza, taa za dagaa zikiwa juu yao kwa haki, wakachimba tope na kukuta mbuga. Hiyo ndiyo hadithi yangu niipendayo kuliko zote mpaka leo, na nusu yake ni ya mzee wa Ukerewe.

Tangu hapo nina sheria yangu ya uhariri. Barua inayokusahihisha ichapwe nzima, itangulie zote, na jibu la mhariri lisizidi mistari mitatu. Mhariri akianza kujitetea kwa ukurasa mzima, wasomaji hunyamaza, na wakishanyamaza huwezi kuwarudisha kwa kuwasifu.

Kuna jambo la Gernsback ambalo tuliliiga na likatudhuru. Tukasema, yeye alichapa anwani, sisi tuchape namba za simu, watu waungane moja kwa moja. Toleo la tatu lilitoka na namba tisa. Kabla ya wiki mbili yule dada wa chuo alikuwa anapigiwa simu saa saba za usiku na watu asiowajua, wakimsemesha maneno yasiyosemeka. Akabadili laini, akaacha kuandika, na wenzake wawili wakamfuata. Kosa lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyeupanga ule ukurasa. Nilimwendea kumwomba radhi, akanisikiliza, akasema atafikiri. Tukabadili utaratibu: kila mwandishi akachagua jina la kalamu, na barua zote zikapitia steshenari kwanza, zikifungwa na kupelekwa kwa mkono. Inachelewesha, ndiyo. Alirudi baada ya miezi saba, na sasa ndiye anayepanga ukurasa wa barua. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba fanzini ya mwanzo ya wapenzi wa Star Trek, ule mchezo wa televisheni wa safari za angani, yaani Spockanalia ya mwaka 1967, ilihaririwa na wanawake, na kwamba wanawake walikuwa wengi katika kuandika na kuhariri majarida mengi yaliyofuata. Alinionyesha bila kuongeza neno. Nilielewa.

Kuhusu gharama nitasema kwa kifupi. Mwaka 1937 shabiki wa Marekani Donald Wollheim na wenzake walianzisha chama cha kubadilishana majarida kilichoitwa FAPA. Kila mwanachama anachapa kurasa zake mwenyewe, kwa fedha yake, nakala za kutosha wanachama wote, anamtumia mtu mmoja, naye anakusanya, anapiga pini na kumrudishia kila mmoja bunda zima. Sisi tulipofika waandishi 12 tulifanya hivyohivyo: kila mmoja alileta kurasa zake mbili, nakala 80, siku ya Jumapili ya mwisho ya mwezi, tukakaa sakafuni na kupanga. Karatasi za kila rangi, herufi za kila saizi, mmoja aliandika kwa mkono. Halikupendeza kwa macho ya mwenye duka la vitabu. Ila hakuna aliyebeba mzigo wa mwenzake, na mzigo wa fedha ndio unaoua majarida mengi madogo ninayoyajua hapa Mwanza.

Sasa niseme la ugomvi.

Fundi simu wa Makoroboi hakuandika roketi. Aliandika hadithi za watu wanaosafiri usiku juu ya fisi, habari ambazo kila aliyelelewa Usukumani amezisikia kwa bibi yake, lakini yeye aliwapa fisi hao mitambo, njia za umeme wa radi, na dira. Nilizikataa. Nikasema hili ni jarida la sayansi, uchawi upelekwe kwingine. Vijana watatu walikuwa upande wake. Maneno yakawa makali, tukatukanana kwa barua za kurasa nyingi, na mwaka 2018 tulipofanya mkutano wetu wa kwanza wa wasomaji katika ukumbi mdogo wa Igoma, mimi nilimwambia kijana wa mlangoni asiwaruhusu kuingia. Walikuja wanne, wamevaa vizuri. Waligeuzwa. Fundi alikuwa amebeba mfuko wenye nakala za hadithi yake, alizopiga fotokopi kwa fedha yake mwenyewe.

Nilikuwa nimekwisha kusoma habari za New York. Nilijua kwamba Julai 1939, katika mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki, waandaaji waliwazuia vijana sita mlangoni kwa sababu ya ugomvi wa chama na siasa. Katika hao sita walikuwapo Donald Wollheim na Frederik Pohl. Pohl baadaye alihariri jarida kubwa la Galaxy. Wollheim alihariri vitabu kwa miongo kadhaa na mwaka 1971 akaanzisha kampuni yake ya vitabu, DAW. Isaac Asimov, aliyekuwa wa kundi lao na baadaye akawa mwandishi mashuhuri, alifanikiwa kuingia, na waliobaki nje walibaki nje. Niliyajua hayo yote, na bado nilifunga mlango. Kujua habari za watu hakukunizuia.

Aliyenitoa huko ni shangazi yangu wa Kisesa, aliyekuja kunitembelea na kunikuta nimeshikilia hasira. Nilipomaliza kumweleza aliniuliza kama nimesahau Bulabo. Kila mwaka, mwezi Juni, kule Bujora, Wasukuma hushindana ngoma kwa vyama viwili vya wachezaji, Bagika upande huu na Bagalu upande ule. Ngoma zote mbili hupigwa kwa wakati mmoja. Hakuna anayemnyamazisha mwenzake. Watu huzunguka katikati, na mshindi ni yule ambaye umati umemkimbilia. "Sasa wewe," shangazi akasema, "umetaka kushinda kwa kumnyang'anya mwenzio ngoma. Ukicheza peke yako nani atajua umeshinda?"

Nilishuka Makoroboi kesho yake. Fundi alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, hakuinua kichwa. Nilisema nilichokuja kusema. Alimaliza kubandika waya wake, akafuta mikono, akasema, "Dada, sayansi haikunifungia mlango. Wewe ndiye uliyefunga." Nikamwambia ni kweli. Akaniagizia chai.

Jarida letu tangu wakati huo lina majalada mawili ya mbele na halina la nyuma. Ukilishika hivi, unasoma hadithi za upande wa mwalimu, za mitambo na mahesabu. Ukiligeuza chini juu, unasoma za upande wa fundi, za fisi na radi na majini wa ziwani. Katikati pande mbili zinakutana vichwa chini. Nilidhani tumelibuni sisi, mpaka mwalimu akaniambia kwamba tangu 1952 kampuni ya Ace ya Marekani ilichapa vitabu vya namna hiyo, riwaya mbili zilizogeuziana vichwa ndani ya kitabu kimoja, na mhariri wake alikuwa Wollheim, yuleyule aliyezuiwa mlangoni. Barua ndizo zinazoamua, kama umati wa Bujora. Mpaka sasa upande wa fundi umeshinda matoleo mengi kuliko wetu.

Januari 2020 alifariki Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, na tukatoa toleo la pekee. Mwanafunzi wa Nansio alituandikia akiuliza Nagona na Mzingile, zile riwaya zake fupi zilizovunja taratibu zote za usimulizi tulizofundishwa shuleni, zingekaa upande upi wa jarida letu. Nilizunguka na swali hilo siku nyingi. Mwisho niliichapa barua ya mwanafunzi katikati kabisa, nusu ikiwa imesimama na nusu imegeuzwa, na yeyote aliyetaka kuimaliza ilimbidi azungushe jarida mkononi. Wasomaji 19 walijibu. Hatujawahi kupata majibu mengi kuliko hayo.

Naandikiana na wenye mapenzi haya wa nchi nyingine pia. Afrika Kusini wana Probe, jarida la chama cha mashabiki kilichoanza 1969. Wanaijeria walianzisha jarida la Omenana mwaka 2014, na tangu 2017 kuna tuzo za Nommo kwa waandishi wa Afrika wa hadithi hizi. Nazisoma kwa furaha, natamani siku moja hadithi ya Kiswahili kutoka ziwani iwe miongoni mwao. Lakini naona lugha zao na zetu hazina mazoea ya kutembeleana, na kazi ya kutafsiri inataka watu zaidi ya sisi 12. Hilo linaniuma.

Toleo tunalolipanga wiki hii lina swali ambalo hatuna jibu lake mkononi. Limetoka kwa mjukuu wa yule mvuvi, aliyekuwa akiandika kwa kufuatisha na sasa anaandika kwa jina lake la kalamu. Anasema: mlituambia ziwa lilikauka miaka 15,000 iliyopita. Babu anasema zamani, kabla sangara hajaletwa na wazungu, furu, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuwa wa kila rangi, kila mwamba na wa kwake, na kitabu cha biolojia kinasema walifika kama aina 500. Kama ziwa lilikuwa mbuga, hao furu wote walitoka wapi, na wamepata wapi muda wa kuwa aina nyingi namna hiyo?

Mwalimu anasema wataalamu wenyewe wamebishana sana juu ya jambo hilo, wengine wakitaja mito ya magharibi iliyowahifadhi wazazi wao. Fundi anasema anayo hadithi tayari, ya mzimu wa samaki uliolala ndani ya tope kusubiri mvua. Mimi nimeichapa barua ya kijana mbele, kabla ya yote, pande zote mbili, na baada yake nimeacha kurasa nne za mistari mitupu badala ya mbili. Nakala 25 zimeshafungwa kwenye gunia. Kesho asubuhi zinapanda boti ya Nansio.